Nani Alikihamisha Kisu

Siku ambayo mdogo wangu aliacha kuwepo ilikuwa Alhamisi, na mpaka karibu na saa ya chai ilikuwa siku nzuri. Mvua ilikuwa imepoza sakafu ya machinjio, nzi walikuwa wachache, na Kasuku alikuwa anaongea na ng'ombe kama kawaida yake.

Kasuku ndiye mdogo wangu. Jina hilo alipewa utotoni kwa sababu ya mdomo, likamganda.

"Bwana mkubwa, tulia," alimwambia fahali mwekundu aliyekuwa anagoma mlangoni. "Hata mimi Alhamisi siipendi. Ingia tumalize, kila mtu arudi kwao."

"Yeye harudi," alisema mchunaji mmoja.

"Anarudi. Kwa vipande."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa kwenye pipa langu. Kazi yangu pale ni maji ya moto: nachemsha pipa, naosha utumbo, na kila mara najaza ndoo inayokaa karibu na mchinjaji. Ndoo hiyo aliiweka baba yetu, aliyeshika kisu pale kabla yetu, na sharti lake linafuatwa mpaka leo. Kisu kilichomgusa mnyama mmoja hakimgusi mwingine kabla hakijaoshwa. Unakichovya kwenye maji ya moto, unakifuta kwenye kitambaa kilichofungwa pajani, upande huu na upande huu, unakiinua kwenye mwanga ukikague, ndipo unarudi. Kaka yetu mkubwa alifundishwa hivyo kabla hajaota ndevu. Angeweza kufanya yote hayo usingizini.

Kaka ndiye aliyerithi kisu baba alipofariki. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache yalimhusu Mungu. "Mungu alinijua na kisu mkononi kabla sijazaliwa," alizoea kusema, bila majivuno, kama mtu anavyotaja urefu wake. Kila jambo kwake lilikuwa limeshajulikana juu. Ng'ombe akiteleza, limeshajulikana. Mtoto wa jirani akifa, limeshajulikana. Kasuku, aliyekuwa anamshikia kamba, hakuacha kumchokoza.

"Sasa Kaka, kama ng'ombe kaandikiwa kufa leo, kisu unanoa cha nini? Mpige na mwiko. Atakufa tu."

"Mungu anajua na kunoa kwangu."

"Na mimi anajua nitakuuliza tena kesho?"

"Anajua. Na anachoka."

Kwa hiyo walikuwa wanataniana, na utani wenyewe ulikuwa wa pande mbili. Naliandika hili kwa sababu mahakamani walizungumziwa kama watu waliochukiana. Hawakuchukiana. Kasuku alipougua homa kali, Kaka ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, na njia nzima Kasuku alikuwa anamwambia farasi wake aongeze mwendo.

Miezi michache kabla ya Alhamisi hiyo, mkono wa kulia wa Kaka ulianza kutetemeka. Tulijifanya hatuoni. Halafu siku moja kisu kikapita juujuu. Fahali akasimama na shingo iliyofunguka nusu, akakata kamba, akapita katikati ya watu huku damu ikiruka ukutani. Alimtoboa mchunaji mmoja nyonga kwa pembe, akamburuta mpaka kwenye mfereji. Wanaume walimpiga shoka la kichwa tena na tena, maana alikataa kuanguka, na kila shoka liliposhuka alitazama tu mbele kama anayesubiri lipite. Mchunaji yule anatembea kwa gongo mpaka sasa.

Msimamizi hakufoka. Aliwaita ndugu zangu wote wawili, akawabadilishia kazi: kisu kwa Kasuku, kamba kwa Kaka.

"Hii haiwezi kuwa," Kaka aliniambia tukirudi nyumbani.

"Haiwezi kuwa vipi, na imeshakuwa?"

"Mungu hakosei, dada. Alinijua na kisu."

"Labda alikujua na kamba pia."

Kuanzia hapo alishika kamba bila kusema neno, na alikuwa anaishika vizuri, kwa sababu kamba haidai utulivu wa vidole. Ila kila Kasuku alipochovya kisu kwenye ndoo, macho ya Kaka yalikifuata kile kisu kikiingia na kutoka.

Alhamisi ile fahali mwekundu alikuwa mbishi. Walimwangusha kwa shida, Kasuku akakata, damu ikashuka mferejini, na mnyama alipotulia Kasuku akaweka kisu juu ya kibao ili asaidie kumvuta. Kaka alikuwa bado ameishikilia kamba, imezungushwa mkononi, amekodoa macho.

"Legeza, Kaka, ameshakufa," Kasuku alisema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kuigiza mhubiri, ili wachunaji wasikie: "Ndugu zangu, tazameni! Kabla milima haijawekwa, Mungu alikuwa anajua kwamba kaka yangu atakuwa mshika kamba wangu!"

Wachunaji walicheka kutoka upande wa pili wa safu ya nyama zilizoning'inia. Walikuwa wanasikia bila kuona. Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka kwa ndugu zangu.

Kaka aliiachia kamba. Akachukua kisu juu ya kibao na kumkata Kasuku.

Lilikuwa pigo la bega, kutoka juu, karibu na shingo lakini si shingoni. Kasuku alirudi nyuma, akakaa kwenye ukingo wa mfereji. Alishika bega, akatazama vidole vyake, kisha akamtazama Kaka, na uso wake ulikuwa bado haujamaliza kucheka.

"Kaka," alisema, "umenikata kweli."

Nilipiga kelele. Kaka akageuka, akampa Kasuku mgongo, akaja kwenye ndoo. Akachovya kisu. Akakifuta pajani, upande huu na upande huu. Akakiinua kwenye mwanga.

Nilimrukia. Nilimkamata aproni kifuani kwa mikono miwili na kumwita kwa jina lake, jina ambalo mdogo hamwiti mkubwa wake. Kisu kilikuwa kati yetu, katika mkono wake wa kulia, ncha ikielekea tumboni kwangu. Alikitazama. Kisha akakihamishia mkono wa kushoto, akaunyoosha mkono huo pembeni, mbali, kisinifikie. Kwa mkono wa kulia akaanza kunifungua vidole, kimoja kimoja, taratibu, kama unavyomfungua mtoto aliyeng'ang'ania nguo. Mkono ule unaotetemeka haukutetemeka.

"Niachie, dada," alisema. "Utaumia."

Alinisukuma nikaanguka kwenye majimaji. Akarudisha kisu mkono wa kulia, akaenda kwa Kasuku, akamshika paji la uso kutoka nyuma, akamkata kama anavyokatwa mnyama. Mara moja. Safari hii hakukosea.

Damu ya mdogo wangu iliingia kwenye mfereji uleule wenye damu ya fahali. Ukiitazama huwezi kuitenganisha. Nilijaribu. Niliinama pale na viganja vyangu nikaizuia isiendelee kushuka, na ikapita juu ya viganja.

Wachunaji walipozunguka safu ya nyama na kuona, walimwendea Kaka kwa ndoano na mipini ya mashoka. Alikuwa amesimama tu, kisu kimeshaanguka. Walimvunja mkono kwa pigo la kwanza. La pili lilimpiga mdomoni, meno yakatoka. Mmoja alimchoma ndoano ya begani akaanza kumvuta kuelekea kwenye mnyororo wa kuning'inizia, huku wengine wanapiga kelele, "Mpandishe! Mpandishe!" Nilikimbilia kwenye pipa, nikachota kopo kubwa la maji yanayotokota, nikarudi nikasimama juu ya Kaka.

"Atakayemgusa namwagia!"

"Mama, ondoka hapo! Kamuua mdogo wako!"

"Namjua aliyemuua! Rudi nyuma!"

Mmoja hakuniamini. Nilimmwagia miguuni, ngozi ikatoka na soksi. Wengine wakasimama. Nilichota tena, na tena, kwenye ndoo iliyokuwa karibu, mpaka polisi walipofika, na muda wote huo Kaka alikuwa amelala chini ya miguu yangu anatema damu, na Kasuku amelala upande wa pili, macho wazi. Nilisimama katikati ya ndugu zangu wawili nikilinda mmoja.

Tulimzika Kasuku Ijumaa. Jumamosi mjane wake, wifi yangu, alikuja nyumbani kwa mama na mchi wa kutwangia. Hakubisha hodi. Alianza na mlango, akaupasua, akaingia, akavunja kabati la vyombo, akavunja redio, akavunja picha ya baba iliyokuwa ukutani. Mama alikaa kwenye kiti chake bila kusogea. Wifi aliinua mchi juu ya kichwa cha mama, akauacha hapo hewani.

"Wewe ndiye uliyewazaa wote wawili," alisema.

"Ndiyo mimi," mama alisema. "Piga."

Wifi aliutupa mchi uani, akakaa sakafuni kwenye vigae vya sahani. Tulikaa naye mpaka jua lilipozama, watatu, hakuna aliyemgusa mwenziwe.

Kesi ilipokaribia, wakili wa Kaka alikuja kuzungumza na sisi. Alikuwa kijana mpole, amechoka, viatu vina vumbi. Alieleza bila kuzunguka. Kama Kaka alipandwa na hasira akakata mara mbili mfululizo, hiyo ni kuua bila kukusudia, ni miaka gerezani, atatoka akiwa mzee. Kama katikati kulikuwa na nafasi ya kufikiri, hiyo ni kuua kwa kukusudia. Ni kitanzi, au ni gereza mpaka kufa.

"Wachunaji wote wanasema walisikia kelele, wakaja, wakakuta yameshatokea," alisema. "Shahidi wa kuona ni mmoja tu." Akanitazama.

"Na kisu kuoshwa?" niliuliza.

Mama aligeuka.

Wakili aliweka kalamu chini. "Kama alikiosha," alisema, "nitasema ni mazoea. Mkono uliofanya jambo hilo maisha yote unalifanya bila mwenyewe kujua. Ni hoja nzuri. Kuna kingine?"

Niliinuka kumsindikiza. Hilo la mkono wa kushoto sikuwa nimemwambia mtu.

Alipoondoka, mama alikuja akapiga magoti mbele yangu, mama yangu, mtu ambaye mimi ndiye wa kumpigia magoti. "Mwanangu, waambie ilikuwa hasira. Waambie mara moja na mara ya pili, kama radi."

"Haikuwa hivyo, mama."

"Kwani ukweli unamwambia nani? Mungu anaujua, aliujua kabla sijabeba mimba ya yeyote kati yenu. Hahitaji umkumbushe. Hao waliovaa majoho wa nini?"

"Na Kasuku?"

Alinipiga kofi. Akanipiga la pili, mdomo ukapasuka kwa ndani. Kisha akanishika kichwa akakibana kifuani kwake kwa nguvu nikakosa pumzi. "Nilikuwa na wavulana wawili," alisema juu ya nywele zangu. "Nimebaki na mmoja. Wewe unataka nibaki na nani?"

Nilikwenda mahabusu kumwona Kaka. Mkono wake uliovunjwa ulikuwa umeunga vibaya, na bila meno ya mbele alionekana kama baba miaka yake ya mwisho. Tulikaa kila mtu upande wake wa wavu. Aliuliza habari za mama. Aliuliza kama nimelala. Halafu akasema jambo ambalo nadhani alikuwa analifanyia mazoezi tangu siku ile.

"Dada, nikuulize. Mungu alijua au hakujua?"

"Alijua."

"Kabla?"

"Kabla."

"Basi ningefanyaje? Kama alijua kwamba nitamkata, na mimi nisimkate, si ningekuwa nimemfanya Mungu mwongo? Nani anaweza?"

"Usingemkata, Mungu angekuwa amejua kwamba hutamkata. Basi. Angekuwa anajua hilo badala ya hili."

"Hayo ni maneno."

"Na yako ni nini, matofali?"

Alitabasamu kidogo. Lilikuwa jibu la Kasuku, sote wawili tulilisikia, na tabasamu likafutika usoni mwake.

"Sikiliza," nilisema. "Ulipogeuka kwenda kwenye ndoo, mimi nilijua utachovya. Nilijua utafuta pajani, nilijua utakiinua kwenye mwanga. Nilijua kabla hujafanya. Je, ni mimi niliyekusukuma?"

"Wewe ungeweza kukosea. Yeye hawezi."

Hapo nilikwama. Nimemaliza sekondari, sikusoma zaidi, na sijui kama waliosoma zaidi wana jibu la hilo. Nimelifikiria sana nikiwa kwenye pipa langu, na bado sina. Lakini kulikuwa na jambo ambalo nililiona kwa macho.

"Nilipokukamata aproni," nilisema, "kisu kilikuwa mkono gani?"

Alishusha macho kwenye mikono yake.

"Kilikuwa wa kulia. Kikaenda wa kushoto, kikakaa mbali, kisinikate. Nani alikihamisha?"

"Mungu alijua nitakihamisha."

"Najua alijua. Sikuulizi nani alijua. Nakuuliza nani alikihamisha."

"Dada."

"Mimi ulinichagulia nisiumie. Nilikuona ukichagua, Kaka. Kasuku alikuwa amekaa pale pale, ameshika bega, anakusubiri umalize kuchagua."

Alianza kupiga paji la uso kwenye wavu. Mwanzoni polepole, halafu kwa nguvu, mpaka waya ukamchana ngozi na damu ikateremka puani. "Mungu hakutaka hata nife," alikuwa anasema, "hakutaka wanipandishe, hakutaka, hakutaka."

"Maji nilichota mimi!" nilipiga kelele. Askari aliingia akampiga rungu la mgongo, na la pili la goti, akamburuta. Vidole vyake viliacha michirizi ya damu kwenye wavu. Nilivitazama vidole vyangu. Na mimi nilikuwa nimeshika wavu hivyohivyo.

Siku ya ushahidi walimpitisha kwenye korido ya mahakama, pingu mikononi, akasimama karibu na benchi letu. Mama alinyoosha mkono, askari akauzuia. Kaka alinitazama mimi.

"Sema unachotaka, dada," alisema kwa upole. "Utakachosema kimeshajulikana."

Nadhani alitaka kunipunguzia mzigo. Lakini nilipanda kizimbani na hasira, kwa sababu niliona kwamba hata hili analitaka: lisiwe langu.

Mwendesha mashtaka aliuliza, nikajibu. Fahali, kamba, utani, pigo la kwanza. Alipofika kwenye ndoo nilisema kisu kilioshwa, na wakili wa Kaka akasimama akaniuliza taratibu kama kaka yangu huwa anaosha kisu kila mara. Nikasema ndiyo, kila mara. Kama ni desturi ya kazi. Ndiyo. Kama anaweza kuifanya bila kufikiri. Nikasema anaweza. Mama alishusha pumzi. Niliisikia kutoka pale nilipokuwa.

"Kuna jambo lingine lolote lililotokea kabla ya pigo la pili?" jaji aliuliza.

Nilikuwa na majibu mawili mdomoni. Yote yalikuwa mafupi, na yote mawili ningeweza kuyatamka. Ulimi ulikuwa wangu, haukushikwa na mtu. Kama kuna aliyejua nitasema lipi, mimi nilikuwa sijui bado. Nilimtazama mama. Nilimtazama wifi, amekaa mstari wa nyuma peke yake. Nilitafuta uso wa Kasuku, nikaukumbuka jinsi ulivyokuwa haujamaliza kucheka.

"Nilimkamata kaka yangu," nilisema. "Akahamishia kisu mkono wa kushoto ili asinikate. Akanifungua vidole kimoja kimoja. Akaniambia niachie, utaumia. Kisha akakirudisha mkono wa kulia, akaenda."

Wakili wake aliketi. Mama alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu, nimeisikia kwa wanyama. Alikuja juu, akavuka viti, akanifikia kabla askari hajamwahi, akanikwaruza uso kuanzia chini ya jicho mpaka kidevuni. Alama bado ipo.

Kaka hakututazama. Alikuwa ameinua mikono yenye pingu mpaka usawa wa macho, akiitazama, kulia na kushoto. Jaji alipomuuliza kama ana la kusema, alisema, "Ni mimi niliyekihamisha." Wakili alijaribu kumzuia, akachelewa.

Hawakumnyonga. Jaji alisema kukiri kule kumemwokoa na kitanzi. Alipewa kifungo cha maisha.

Mwaka mzima mama hakunisemesha. Siku moja alikuja pale ninapochemsha maji, akaniletea kipande cha sabuni kimefungwa kwenye gazeti, akasema, "Mpelekee," akaondoka. Tangu hapo anakileta kila mwezi. Yeye mwenyewe hajaenda.

Jumapili ya kwanza ya mwezi nakwenda gerezani na sabuni. Kaka anaipokea, tunazungumza habari za mama na za mvua. Siku moja tu aliniuliza kama Kasuku alisema lolote zaidi mwishoni, nikamwambia hapana, na hiyo ni kweli. Amepangiwa kufua mablanketi. Jikoni hawamruhusu, kwa sababu kuna visu.